Jina la Kwanza kwenye Simu ya Mezani

Rukaya,

Nimekwenda Masukulu kwenye hitima, nitarudi baada ya Alasiri. Maharage yako jikoni, uyaongeze maji.

Asubuhi nilitaka kumpigia kaka yako Anwari. Maandishi ya ile simu siyaoni vizuri, kwa hiyo nikashuka jina moja kutoka la kwanza, kama siku zote. Akapokea mzee Ambilikile wa maziwa. Nikamuuliza, “Umeamka, baba? Umeswali?” Akacheka sana. “Mimi Mmoraviani, mama, ila kuamka nimeamka.”

Ndipo nikajua umefuta lile la kwanza, jina la marehemu baba yenu, na majina yote yamepanda. Ulisema simu imejaa. Sawa. Sikulia. Nilikaa tu nimeishika mpaka chai ikapoa.

~~Acha hivyo hivyo, nitazoea.~~

Lirudishe jina lake. Namba yake nimeiandika nyuma ya kalenda. Nafasi ikikosekana, futa ya fundi redio. Iweke pale pale, ya kwanza. Najua hatapokea, wala sitaipiga. Ila ninyi wote nawahesabu kuanzia kwake.

Mama yako