Ami Miao Hakumuuza Baba

Mdogo wangu Yunhe,

Mama hajambo, kikohozi kimepungua, na ngano imeanza kuchipua. Filamu yako nayo ilitufikia majira ya baridi. Ilionyeshwa kwenye uwanja wa kupuria nafaka, kijiji kizima kikahudhuria.

Riwaya yako niliisoma nikalia, maana uliandika kweli jinsi baba alivyowavusha wapiganaji mtoni hadi Wajapani wakampiga risasi. Ulipoigeuza kuwa opera ukamfanya aimbe kabla ya kufa, baba ambaye hata mluzi hakuujua. Nikanyamaza. Lakini kwenye filamu umemfanya Ami Miao ndiye aliyemuuza kwa Wajapani. Jina lake lile lile, na mguu wake mbovu ule ule. Ami Miao, aliyeuopoa mwili wa baba na kutulisha tofu yake ya soya anayoiuza hadi tukakua.

Umemwandikia mama eti wakubwa wa studio walitaka msaliti. Basi ungejitia wewe.

Sasa tofu yake hainunuliwi, na watoto wanamrushia matope. Siku ya kufagia makaburi hakutokea, naye hajawahi kukosa. Nikamfuata kwake.

“Ami, twende kwa baba.”

“Nenda tu, mwanangu. Watu watasema muuaji kaja kukagua kazi yake.”

Nikafagia peke yangu.

Panda treni uje. Usipitie kwetu kwanza. Nenda kwa Ami Miao, ule mezani pake, mlango ukiwa wazi, kijiji kikuone. Kabla ya hapo usiniite dada.

Cuifen, binti wa mvushaji