Lori la Kaka Linakwama

4 Februari

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Habari za huko, na kifua chako kinasemaje? Na binti yako anayekulea, hajambo? Sisi huku tumeamka. Goti la kushoto, lile la kukanyagia klachi, linaniuma kama desturi yake, lakini mwili wote uliobaki ni chuma. Shemeji yako anakusalimu, anasema umeze dawa zako, usizifiche chini ya godoro kama mtoto.

Nakuandikia mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa sababu maneno haya sitaki shemeji yako ayasikie nikiyasema kwenye simu.

Jana mliniacha mlimani. Usibishe. Binti yako alipotuwekea huu mchezo wa malori kwenye kompyuta, wewe huko na mimi huku, alisema, "Baba mkubwa, sasa wewe na baba mtasafiri pamoja tena." Pamoja! Mimi nakanyaga mafuta, picha inaganda. Lori linasimama hewani kama limeona nyoka. Likizinduka nimeshaingia mtaroni, na wewe na huyo Mwalimu wako mmeshafika, mmeegesha, mnacheka. Nawasikia kwenye spika mnavyocheka. Kumbe safari ilikuwa ya watu wawili na mimi ni mzigo.

Huyo Mwalimu ameendesha nini maishani isipokuwa chaki? Mimi nimebeba saruji, nimebeba nondo, nimebeba tembo wa sarkasi, na wewe ulikuwa utingo wangu, unaruka chini kuweka gogo kwenye tairi nikikuamuru. Hakuna aliyewahi kuniacha mlimani nikiwa na injini nzima. Basi ubovu ni wa kompyuta, si wangu. Niambie ninunue kifaa gani ili iwe na nguvu. Niambie upesi, na usimuulize Mwalimu.

Kaka yako

6 Februari

Kaka,

Shikamoo. Kifua kimetulia, dawa nameza, mwambie shemeji godoro halina kitu. Binti anakusalimu, na Mwalimu pia. Nisamehe, alikuwa amekaa hapa barua yako ilipoingia. Yeye anakaa ghorofa ya chini, hupanda jioni kunywa chai nami.

Kaka, usikimbilie kununua. Kompyuta kukwama kuna sababu nyingi kama gari kukosa nguvu, inaweza kuwa injini, inaweza kuwa chujio limeziba tu. Kwanza fungua sanduku, upulize vumbi kwenye feni. Pili fanya hivi: ingia sehemu ya mipangilio ya mchezo, punguza ubora wa picha mpaka chini kabisa, halafu uendeshe. Ikiwa mwendo umekuwa laini, basi kinachoshindwa ni upande wa kuchora picha, na dawa yake ni kadi ya picha. Ikiwa inakwama vilevile, tutatazama memori na mengine.

Na hatukuwa tunakucheka. Mwalimu alikuwa amemwaga chai.

Mdogo wako

11 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, goti tu. Shemeji yako yuko salama, amekasirika kwa sababu vumbi la kompyuta nimelipulizia kwenye chumba cha kulala.

Nimepunguza picha kama ulivyosema. Mwendo umepata nafuu, kweli. Lakini dunia nzima imegeuka uji. Miti ni mabonge, watu ni vivuli, kibao cha barabarani nakiona ni kipande cha rangi tu hakina herufi. Juzi nimekosa njia ya kuchepuka nikaishia bandarini peke yangu na shehena ya mbao. Wewe na lori lako mbele yangu mnaonekana kama sanduku la viatu. Sasa huo ni usafiri?

Basi ni kadi ya picha. Nilijua tangu mwanzo.

Nimekwenda kwa yule mama fundi mwenye duka la kompyuta karibu na kinyozi. Akasema, "Mzee, lete sanduku zima nilitazame." Nikamwambia mama, mimi gari langu silikabidhi kwa fundi halafu nikakae kwenye benchi kama abiria. Akacheka. Ana dharau lakini ana kiti kizuri.

Sasa nataka kadi kama ya Mwalimu. Binti yako alinitumia picha ya kompyuta yake, ina ubavu wa kioo na taa zinabadilika rangi kama harusi. Mtu mzima, mwalimu, miwani ya kusomea puani, anaendesha disko! Hiyo hiyo ndiyo nataka. Au kubwa zaidi. Ulimsaidia kuichagua wewe, sivyo? Binti amesema. Mlikwenda dukani pamoja, mkapanda basi pamoja. Mimi unaniandikia nipulize vumbi.

Kipya kinyemi. Sikulaumu.

Kaka yako

13 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo sana, na pole ya goti. Sisi wazima.

Nilikwenda na Mwalimu dukani kwa sababu haoni vizuri namba za basi. Ungekuwa hapa ningekwenda na wewe, na tungegombana njia nzima.

Kadi yake usiinunue. Ni ndefu, haitaingia kwenye sanduku lako, na inakula umeme kuliko kisanduku chako cha umeme kinavyoweza kutoa. Ni kama kufunga injini ya trela kwenye kigari cha maziwa: utawasha mara moja tu. Mwambie mama fundi akupe kadi ndogo, ile fupi isiyohitaji waya wake wa umeme, inayokula kutoka kwenye bodi, lile bamba kubwa la ndani ya mashine. Kwa mchezo huu inakutosha na kubaki. Nakuomba, mwachie yeye aifunge. Nakuomba, kaka.

Mdogo wako

2 Machi

Bwana utingo,

Salamu za kuulizana afya zimo, jaza mwenyewe.

Nimenunua hiyo kadi yako fupi. Fedha ilikuwa ya meno, yale ya kubandika niliyokuwa niende kuwekewa mwezi huu. Shemeji yako ananitazama nikila mkate nimeuloweka kwenye chai.

Nimeifunga mwenyewe. Nilimwambia mama fundi nipe na bisibisi. Nimefungua ubavu, nimeona tundu lake refu, nimeisukuma ikalia "kla!" kama gia ya tatu. Nikafunga. Nikawasha. Feni ya kadi ikazunguka. Kazi safi, hata wewe ungesimama upige makofi. Nikarudisha picha juu, kubwa kabisa, maana sasa mimi ni mtu mwenye kadi.

Ikaganda kabla sijatoka kwenye yadi.

Nimejaribu siku nne. Afadhali ilivyokuwa zamani. Jana nilipotokea mlimani, wewe na mwenzako mlikuwa mmeshateremka ng'ambo, nikasikia anasema, "Tumsubiri mzee?" Tumsubiri mzee! Yeye ndiye wa kuuliza kama nisubiriwe!

Sasa nimefikiri. Mimi si mjinga. Kadi kubwa ni ya Mwalimu, kadi fupi ni ya kaka. Ushauri mzuri umekwenda ghorofa ya chini, makombo yamekuja huku. Mnataka nibaki nyuma ili mpate kupiga soga zenu. Semeni tu. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, wahenga walisema, lakini wahenga hawakukutana na mtu anayepanda ngazi na kikombe cha chai.

Endesheni. Mimi nimezima mashine, nimeifunika kitambaa cha meza. Usinitafute.

Aliyekuwa kaka yako

5 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara mbili na sikujibu siku ile ile ili nisikujibu vibaya.

Nina swali moja tu. Waya wa kioo, ule unaotoka kwenye skrini, umeuchomeka wapi?

Mdogo wako

19 Machi

Kaka,

Shikamoo. Unaendeleaje? Nimepiga simu, shemeji amesema uko msalani. Nikapiga tena jioni, bado uko msalani. Kesho yake vilevile. Nimemwambia basi huyo mtu apelekwe hospitali.

Mwalimu hayupo hapa leo, andika kwa uhuru. Kila jioni naegesha lori langu kwenye kituo cha mafuta cha kwanza, pale chini ya mlima, na siendi popote. Mwalimu ameshafanya safari zake, ananipita, ananipigia honi, mimi nipo tu. Binti ameniuliza, "Baba, unacheza nini sasa, kuegesha?" Nikamwambia ndiyo, nacheza kuegesha.

Sitakuomba msamaha kwa kadi, kwa sababu kadi ni nzuri. Jibu swali langu. Waya wa kioo uko wapi?

Mdogo wako

21 Machi

Mdogo wangu,

Sikuwa msalani.

Unauliza waya. Hilo nalo ni swali la kumuuliza mtu aliyebadilisha gia boksi porini kwa spana mbili? Waya wa kioo uko pale pale ulipo tangu siku binti yako alipoichomeka mashine hii, kule nyuma juu, karibu na tundu la spika. Sijaugusa. Mimi kitu kinachofanya kazi sikigusi. Hiyo kadi imekaa huko chini peke yake, haina waya wowote, inazungusha feni tu, inapunga upepo. Ndiyo maana nasema ni mbovu.

Umeridhika?

Kaka yako

22 Machi

Kaka! Kaka yangu!

Shikamoo, na unisamehe, nimecheka mpaka kifua kimefunguka, dawa ya leo sina haja nayo.

Kaka, umeoa mke mpya. Umemjengea nyumba, umemwekea feni. Na kila jioni unaendelea kwenda kula kwa mke mkubwa! Huyo mdogo anapika nani ale?

Ule waya ukikaa juu, picha inatoka kwenye bodi ileile ya zamani. Kadi haijachora hata jani moja tangu uinunue. Zima mashine. Chomoa waya huko juu, uuchomeke kwenye tundu la kadi yenyewe, kule chini. Washa. Basi.

Sitamwambia Mwalimu.

Mdogo wako

23 Machi

Mdogo wangu wa damu,

Habari za afya? Huku sote wazima, hata goti. Shemeji yako anakusalimu, ameniambia nikipata fedha nyingine atakwenda nazo kwa daktari wa meno yeye mwenyewe.

Waya nimeuhamisha. Nilikuwa nataka kuona kama wewe unajua, na umejua, hongera.

Sasa sikiliza. Jana jioni nimewasha bila kukuambia, sikuwasha spika, ili nisisikie mtu. Mashine imeteleza kama mafuta. Nimeona majani juu ya mti, jani moja moja. Nimeona nyufa kwenye lami. Nikapandisha ule mlima bila kushusha gia hata mara moja, wewe huwezi. Nilipoteremka ng'ambo, chini ya mlima, nikaona kituo cha mafuta, na lori lako limeegeshwa, limenipa mgongo. Nikasema sasa nampita huyu nimpigie honi mpaka aruke. Nikasogea. Nikawa nyuma yako kabisa, mita kama mbili.

Ndipo nikaona mlango wako wa nyuma una maandishi.

Miezi yote hii nimekuwa nikiona bonge la rangi ya njano nikadhani ni tangazo la mafuta. Nikavaa miwani. Nikasoma polepole, herufi kwa herufi, kama unavyojua ninavyosoma.

NYUMA YANGU YUPO KAKA.

Nikazima injini.

Kwanza nikwambie, umeandika vibaya. Mstari umepanda upande mmoja, na njano juu ya nyeupe haisomeki mchana. Ungeniuliza. Na tangu lini yapo hapo? Tangu mwanzo? Kwa hiyo nilipokuwa najivuta huko mtaroni nikiwalaani, wewe ulikuwa unakwenda na habari zangu mgongoni kila mji, na watu wote barabarani wanasoma isipokuwa mwenyewe?

Na Mwalimu! Mwalimu ndiye anayekufuata siku zote mimi nikiwa nimekwama. Kwa hiyo kila jioni, kwa kadi yake kubwa na taa zake, amekuwa amekaa nyuma ya maandishi yale, mahali ambapo pameandikwa kaka, anayasoma kwa miwani yake ya kusomea, yeye si kaka wa mtu! Na hakusema. Nimekosa usingizi kwa hilo kuliko mengine yote.

Basi utaratibu wa msafara kuanzia leo ni huu, na usibishane na mkubwa wako. Wewe mbele. Mimi nyuma yako. Mwalimu atafuata nyuma yangu, na akitaka kitu cha kusoma, na langu nitaliandika. Nimeshafikiria maneno: MWENYE NDUGU NI MIMI. Rangi nyekundu, mstari ulionyooka.

Nilikuwa nakutafuta nikupite. Sasa pale nyuma yako ni pangu, nimepaona kwa macho, pana jina langu, na sitaki kukuta mtu.

Jioni washa mapema. Usikimbie sana, na hata nikipiga honi, usinipishe.

Kaka yako