Jukwaa la Pamba

Kasese, Jumapili mchana

Kwako Dada Biira,

Nakusalimu kwa salamu za nyumbani, zile za mtu kuketi kwanza, akanywa maji, ndipo akaulizwa habari za alikotoka. Natumaini wewe na shemeji mko salama huko Bwera, kifua kimeacha kukusumbua, mpaka wa nchi uko wazi na biashara inatembea. Sisi huku tuko wazima. Mama anakula vizuri. Mguu bado unamuuma asubuhi, lakini jua likipanda anatoka barazani na kuota kama kawaida yake, na hapiti mtu njiani bila kuitwa kwa jina na kuulizwa anakwenda wapi. Mke wangu naye anakusalimu.

Utashangaa kupata barua wakati simu ziko. Simu nimeshindwa nayo, dada. Mara mbili wiki hii nimekupigia, na mara zote mbili ulipoitika nikakuuliza bei ya vitunguu, ukanijibu, nikakata. Mimi na vitunguu wapi na wapi? Na naandika Kiswahili, si Lhukonzo, kwa sababu Mama husoma Lhukonzo hata bila miwani, lakini Kiswahili, kile Baba alichorudi nacho kutoka jeshini, hukisikia tu, hakisomi. Isome ukiwa peke yako, si dukani mbele ya wateja. Jambo lenyewe linahusu nyumba. Na yale mabati ya vyumba vipya uliyosema utayatuma kwa lori, yasimamishe. Usipakie hata moja mpaka ufike mwisho wa barua hii.

Kazi yangu ya vigari unaijua, maana wewe ndiye uliyeicheka kuliko watu wote. Ulisema mwanamume mzima mwenye ndevu anachonga treni za kuchezea. Basi Mzee Semakula, mwenye ile nyumba ya wageni njia ya kwenda Mweya, hakucheka. Aliniomba nimtengenezee stesheni ya Kasese juu ya meza, jinsi ilivyokuwa treni ilipokuwa bado inafika, ili wageni wake waitazame kabla ya kwenda kutazama simba. Alitaka reli, alitaka stesheni, na alitaka mabehewa ya mizigo, kila behewa na shehena yake ya kweli. Hilo la shehena ndilo lililoniingia damuni. Kichwa cha treni kila mtu anakikumbuka. Muulize behewa la tatu kutoka nyuma lilibeba nini, utamwona anajikuna kisogo.

Kwa hiyo nikawa mtu wa kuuliza. Niliuliza kwenye vilabu vya pombe, nikauliza nje ya kanisa, nikauliza Katwe kwa wachimba chumvi. Nikajifunza kwamba unga wa shaba ya Kilembe ni mzito hata behewa likionekana nusu tupu limeshajaa, na kwamba matangi ya mafuta yalikuja yamejaa yakarudi matupu, kwa hiyo hata rangi ya vumbi lake si moja na ya mengine. Chumvi niliyoweka mezani ni ya Katwe kweli, punje chache katika vijigunia nilivyoshona kwa kitambaa cha busuti, lile gauni kuukuu la Mama. Unakumbuka uliponipeleka kuliona lile behewa bovu analowekea maharage mfanyabiashara mwenzako Anastasie, hapo kwenu Bwera. Nilipima mlango, nikapima sakafu, nikajilaza chini kutazama tumbo lake, mpaka Anastasie akakunong'oneza, "Huyu mutu iko muzima kweli?" Ulicheka njia nzima ya kurudi. Nami nilikuwa na furaha siku ile, sitaficha.

Lakini mwalimu wangu mkubwa alikuwa Mzee Muhammed, aliyekuwa akiunganisha na kutenganisha mabehewa pale stesheni tangu ujana wake. Macho yake sasa yameingia ukungu, anatambua mtu kwa sauti, ila ukimtajia behewa anakwambia lilivyolia likigongwa. Yeye ndiye aliyenifunza kwamba pamba haikupakiwa pamoja na mizigo mingine. Ilikuwa na kijireli chake pembeni, na jukwaa lake la mawe lililoinuliwa kulingana na sakafu ya behewa, ili marobota yasukumwe tu yaingie bila kunyanyuliwa. Alinishika bega tukatembea mpaka mahali lilipokuwa lile jukwaa, nami nikarudi nikalijenga juu ya meza. Nilibandika hata nyuzi mbili tatu za pamba kwenye mlango wa behewa, kana kwamba robota lilichanika likiingia. Mzee Semakula alipoona zile nyuzi aliagiza chai ya watu wawili.

Hayo yote yalikuwa kabla ya wapimaji kuja. Sasa wamekuja. Wanasema reli itafufuliwa, na kwanza lazima ardhi ya reli ijulikane iliishia wapi. Nyumba ikikutwa ndani ya ardhi hiyo inachorwa alama nyekundu ukutani, na yenye alama itavunjwa, na mwenyewe hapati kitu, kwa sababu wanasema alijenga kwa mwenzake. Mkubwa wao ni binti mmoja, Kansiime, mpole wa maneno na mgumu wa mambo. Michoro aliyokuja nayo inaonyesha njia kuu peke yake. Vijireli vya pembeni havimo. Akaitisha mkutano, akawauliza wazee kijireli cha pamba kilipita wapi na jukwaa lilikuwa wapi.

Wazee wakabishana. Ndipo Mzee Muhammed akasimama, akasema yeye macho yamekwisha na mji umebadilika, lakini kila alichokijua amempa Kosiya, na Kosiya amekiweka kwenye meza ya Semakula. Akawaambia waende wakaitazame ile meza, kwa maana yule kijana hata punje ya chumvi haweki mahali pasipo pake. Watu wakanipigia makofi. Dada, sijawahi kupigiwa makofi maishani mwangu, na nilitamani ardhi inimeze.

Kansiime akaja kesho yake na wenzake wawili. Akaizunguka meza taratibu, akapima, akapiga picha. Alinisifu. Alisema ofisini kwao hakuna mchoro wenye uangalifu kama ule. Jioni hiyohiyo wakaja mtaani kwetu na kopo la rangi, na alama nyekundu ikachorwa kwenye ukuta wa Bulandina.

Bulandina unamfahamu, jirani yetu, mjane wa yule koplo. Tangu mumewe afe hana pengine, kwao alikotoka ndugu waligawana kila kitu. Ndiye anayekuja kila asubuhi kumpaka Mama mafuta mguuni, na kama hajaja Mama hanywi chai, anasubiri. Wapimaji walipoondoka hakulia. Angelia ningepata nafuu. Alikaa kwenye kizingiti chake akiitazama ile rangi mpaka ikakauka.

Siku ya pili akaja kwangu na samaki, ngege mkubwa wa Kasenyi amefungwa kwa nyasi, kwa sababu hakutaka kuomba mikono mitupu. Akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha kambini, "Kosiya, wewe ndiye inajua maneno ya reli. Ambia wao waangalie tena. Mimi hapana iko na pahali ingine." Nikamjibu kwamba nitajaribu. Mke wangu akampika yule samaki, watu wakala. Mimi nilisema tumbo linanisumbua.

Na Mama, Mungu ampe maisha marefu, anamfariji. Wanakaa pamoja barazani kwetu, Mama anamwambia Bwana hamtupi mja wake. Juzi nimemsikia kwa masikio yangu akimwahidi kwamba wakimvunjia nyumba atahamia kwetu, apewe kimoja cha vile vyumba unavyojenga. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilirudi ndani.

Dada Biira, sasa nitakuambia, nawe vumilia usome mpaka mwisho.

Siku ile Mzee Muhammed aliponishika bega, tulitoka kwenye tangi la maji la zamani tukafuata njia aliyoipita ujana wake wote. Alikuwa anatembea kama anayeona. Tukaenda mpaka mguu wake ukagonga ukuta, akapapasa kwa fimbo, akasema ni hapa. Ukuta wenyewe ulikuwa wa baraza yetu. Mama alikuwa ameketi palepale akichagua mawe kwenye mchele wa Mubuku, akatukaribisha chai. Ndipo nilipoelewa kwa nini mto Nyamwamba ulipofurika mara ya pili maji yalipita huku na huku ya nyumba yasiingie ndani. Ulipomnunulia Mama pale baada ya mto kuchukua nyumba ya kwanza, ulisema ni msingi imara huo, na ulisema kweli. Tulitoa sadaka ya shukrani kanisani. Nami bado namshukuru Mungu, ila yale mawe yalipangwa na watu wa reli, na wewe uliyapiga plasta ukapaka rangi ya krimu.

Wakati ule halikuwa neno kubwa. Niliona ni kichekesho cha kukusimulia siku ukija. Nikalijenga jukwaa mezani mahali pake. Lakini mkutano ulipokwisha, na Kansiime akasema kesho anakuja, asubuhi nilimtangulia. Wafanyakazi wa Semakula walikuwa wanafagia, wakanisalimu, nikawaambia kuna kitu kimelegea. Nikatoa kisu, nikaling'oa jukwaa na kijireli chake, nikavisogeza nyumba moja upande wa pili na kuvibandika upya. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa shubiri moja juu ya meza. Ile shubiri ndiyo iliyomfikia Bulandina.

Sikumchagua yeye. Nataka uniamini hapo, ingawa haisaidii. Nilikuwa namtazama Mama tu, nikiwaza atalala wapi.

Baada ya samaki nilikwenda kwa Kansiime nikamwambia yote, kama ninavyokuambia wewe. Akanitazama sana. Alisema watu wengi wamemjia kudai alama ni ya jirani, hajawahi kumpata anayedai ni yake mwenyewe. Kisha akaniuliza kwa upole yule mjane amenipa nini. Nikamkumbuka yule ngege nikashindwa kukana, naye akalichukua hilo kuwa ndilo jibu. Sasa mtaani wanasema Kosiya amelainishwa na mjane. Mke wangu amesikia, na hasemi nami isipokuwa kwa habari ya chakula.

Mzee Muhammed nilimwambia pia. Hakunigombeza. Alisema yeye aliwaapia watu juu ya meza yangu, na akaniomba nisiende kumsalimu kwa muda. Hata hivyo alipelekwa kwa Kansiime akanitetea, naye akajibiwa kwamba mkutanoni alisema waamini meza, leo anasema wasiiamini, wao washike lipi.

Mwishoni Kansiime amekubali jambo moja. Atabomoa plasta ya baraza kidogo atazame msingi. Akikuta mawe ya reli, alama itatoka kwa Bulandina ije kwetu. Lakini nyumba imeandikwa jina lako, na mwenyekiti wa kijiji amekataa ukuta wa mtu uguswe mpaka mwenyewe awepo na akubali kwa kinywa chake. Mwisho ni Alhamisi. Ijumaa wanaanza kuvunja.

Nyundo ninayo. Jana nimeishika, nimesimama mbele ya ule ukuta, nikairudisha. Nimekwisha kuamua mara moja juu ya nyumba ya mtu bila kumwuliza, sirudii tena. Nyumba ni jasho lako, vitunguu na vitenge ulivyobeba mgongoni kabla hujawa na duka. Usipokuja, itasimama. Hakuna atakayekushtaki, mimi sitafungua mdomo, na Mama atazeeka pakavu. Ukija, mimi na Mama na mke wangu tutakuwa watu wa kutafuta pa kulala, na nimeulizia Mubuku, kuna kibanda shambani kinachoingia vitanda viwili. Ninaogopa, dada. Naogopa uje, na naogopa usije.

Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba uje uwaambie wabomoe.

Msalimie shemeji, watoto wabusu kwa niaba yangu, na Anastasie mwambie yule mtu wake bado hajapona. Mungu akulinde njiani. Mama ameniona naandika, akajua ni wewe, akasema nikupe salamu zake zote na nikuulize unakuja lini kumwona. Nimemwambia Jumatano.

Ni mimi ndugu yako,
Kosiya Tsongo