Mashine Imeandika LI Ikanyamaza

Ijumaa, Julai 1998. Baridi imeshika Thika yote, mimi peke yangu ndio natoka jasho.

Tangu asubuhi nikiwasha kompyuta inaandika LI, halafu inanyamaza. LI. Kama mtu amesahau jina ya bibi yake mbele ya chifu.

Nilitaka tu kuweka Linux kando ya Windows. Jamaa wa Githurai 45 aliniuzia CD akasema disk ni kama ploti: unakata mara mbili, huku unaishi, huku unapangisha. Nikaona nimeomoka, nimekuwa tajiri. Maagizo yalisema kabla ya kukata upange mafaili kwanza, lakini hiyo kupanga ilikuwa inakokota miguu, nikairuka.

Halafu hiyo Linux ikataka floppy ya kuwashia. Nilikuwa na moja tu, ile yenye kopi ya maneno ya guka, mzee mmoja wa Mwiki. Nikaifuta. Si maneno yamo ndani ya mashine?

Yalikuwa.

Guka alijua anaenda. Alikuja hapa bureau yangu ya kupiga taipu na miguu yake, akakaa kwa stuli, akanisimulia maisha yake nimpigie taipu, isomwe siku ya kumzika.

Anazikwa kesho.

Nimezima, nimewasha, nimeipiga makofi, nimeiombea. Windows imeenda, Linux haijafika. Niko na ploti mbili na sina pa kulala.

Mchana cucu, mke wa guka, akaingia kuchukua karatasi za kusomwa kesho. Nikaanza na mzaha, nikauacha katikati. Nikamwambia yote. Akaangalia hiyo LI, akaiangalia tena.

"Hii ndio imebaki ya mzee wangu?"

"Ndio, cucu. Nisamehe."

"Mimi alikataa kuniambia. Alisema nitasikia siku hiyo na wengine. Nani mwingine aliyasikia?"

"Ni mimi tu."

"Basi utasimama wewe hapo kwa kaburi, useme. Na usituletee mchezo wako, wee kamwana."

Akatoka.

Mimi! Watu huanza kucheka nikisema tu hamjambo.

Nimekaa nikimkumbuka. Kazi ya kuchonga mawe kwa kwari, nakumbuka. Ng'ombe ya kwanza, nakumbuka. Lakini karibu na mwisho kuna kitu alisema juu ya cucu, akaniambia hapo nipige herufi kubwa.

Herufi kubwa nazikumbuka. Maneno, Ngai, yamepotea.

Na cucu atakuwa amekaa mbele kabisa, akingoja. Nikifika hapo, nitasema nini?