Nyumba ya Mwanangu Ina Mlango Mmoja

Jumatatu. Mvua tangu alfajiri, na kichwa kinanigonga tangu hapo hapo.

Niandike yote, maana daftari halinuni. Jana jirani yangu alimwoza binti yake. Nilikaa kwenye chungu cha kimpumu, pombe yetu ya ulezi, tangu mchana, nikavuta kwa mrija mpaka wenzangu wakaondoka mmoja mmoja. Kulipopambazuka nikashika njia ya kwangu. Miguu ikanipeleka kwa mwanangu.

Mtu wa pwani atauliza kosa liko wapi. Sisi huku, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Mkwe wangu akinisikia njiani huingia migombani akainama mpaka nipite. Hajapata kuniona uso, wala mimi wake. Jina lake hata hapa siliandiki. Na mimi nikaingia nyumbani kwake kama ng'ombe aliyekata kamba.

Mwanangu hayupo, serikali ya Wadachi imemchukua kwenye kazi ya barabara. Mkwe wangu alikuwa ameenda mtoni. Nikajitupa kwenye ngozi karibu na moto, nikalala.

Nilizinduka niliposikia mtungi ukituliwa nje. Halafu kimya. Alikuwa ameuona mkongojo wangu mlangoni.

Nikakohoa ili ajitenge nipate kutoka. Nikamsikia akikimbilia migombani. Nikasimama, nyumba ikazunguka, nikatapika kwenye majivu ya jiko lake, nikakaa. Akarudi chini ya upenu kukwepa mvua. Nikakohoa tena, akakimbia tena, nikaanguka tena. Mara ya tatu niliona haya hata kukohoa.

Mlango ni huo huo mmoja.

Nikajitibu kwa kilichokuwepo. Maji nilikunywa vibuyu vitatu, mengine nikajimwagia utosini. Ndizi mbivu niliila, ikarudi ilikotoka. Mwishowe niliegemeza paji la uso kwenye chungu kikubwa chenye baridi, alichokifinyanga mkwe wangu kwao Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kando ya ziwa, na hapo angalau nikapumua.

Ndipo Tusajigwe akaamka kitandani. Sikujua kama yumo. Ni mjukuu wangu, ana miezi minne. Alilia kwa njaa. Mama yake alikuwa hatua tatu tu, nyuma ya ukuta wa mianzi, na katikati yao niko mimi. Nilimpa kidole. Akakinyonya, akagundua kwamba anadanganywa, akalia zaidi.

Niliogopa, sifichi. Nilipofanya upuuzi huu mara ya kwanza, mwanangu alikuja akachuchumaa mbele yangu, akasema kwa upole, "Baba, nakuheshimu. Lakini ukirudia, namchukua mke wangu na mtoto, tunahamia kwao Ikombe." Huko hufiki bila mtumbwi, na mimi ziwa linanitisha. Mke wangu alishakufa. Sina wengine.

Mtoto alikuwa ameanza kukaukiwa sauti.

Nikajivuta mpaka kona ya mbali, nikageukia ukuta, nikajifunika shuka gubigubi. Kusemezana naye ni mwiko pia, basi nikapaza sauti kwa mtoto, "Tusajigwe, mwambie mama yako nimejifunika."

Alikawia. Kisha nikasikia miguu iliyolowa ikipita nyuma yangu, kitanda kikalia, na kilio kikakatika. Nilisikia mtoto akimeza. Chini ya shuka, mzee mzima, nilitokwa na machozi.

Baadaye akasema, sauti ikitetemeka kwa baridi, "Tusajigwe, mwambie babu yako maziwa ya mgando yako kwenye kibuyu, mkono wake wa kushoto. Anywe kidogo kidogo, yatamtuliza tumbo."

Nikajikunyata ndani ya shuka.

"Mwambie pia kwamba baba yako akirudi, mimi sitamwambia neno."

Nilitaka kusema ndaga, asante ya kwetu, lakini aliniwahi.

"Lakini wewe mwanangu, ukikua ukaniuliza babu yako ni mtu wa namna gani, sitakudanganya."

Akambeba akatoka kwenda kwa jirani yake. Niliyanywa yale maziwa, yakakaa. Jua lilipoanza kushuka miguu ilikubali, nikarudi kwangu nikiwa nimeinamisha uso, na hapa ndipo ninapoandika. Pombe ya harusi haijaisha. Wenzangu wa jana wamepita mara mbili kuniita, nami nimejifungia ndani, kimya kama mwizi.

Mtoto ana miezi minne. Mpaka aweze kuuliza swali hilo ni kama miaka mitano hivi. Je, itanitosha kuwa babu wa namna nyingine?