Makofi Matatu Kabla ya Ukimya Kwisha

Mpendwa Bi Orie wa safu ya ushauri,

Naomba unishike mkono katika jambo hili, maana nimelibeba tangu mwezi wa tano na sasa tuko mwezi wa kumi na moja, na sijamwambia mtu, hata mume wangu, ambaye ni dereva wa lori la masafa marefu na akifika nyumbani kazi yake ni kulala. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tano, nina binti wa miaka mitatu, Suzuna, tunaishi kwa wakwe zangu hapa Toyama, na asubuhi nafanya kazi kiwandani, tunaviringisha samaki wa kusagwa ndani ya mwani. Masomo yangu yaliishia sekondari, kwa hiyo nikikosea jina la kitu cha muziki unisamehe. Nakuandikia saa ya chakula, sanduku langu la wali liko hapa pembeni, sijalifungua.

Baba mkwe, Mzee Tokuji, maisha yake yote ametengeneza milango ya karatasi, lakini Jumamosi zake ni za okestra ya wananchi, ile ya watu wenye kazi zao, yuko mwenye duka la dawa, wako wauguzi, yuko mwalimu wa hesabu. Yeye hupiga besi, ile fidla kubwa kuliko mtu. Miaka thelathini na minane amesimama nayo kule nyuma. Mwaka huu bega likamkataa, akasema onyesho la mwezi wa tano ndilo lake la mwisho, na wenzake kwa kumheshimu wakamwachia achague simfonia. Akachagua moja ambayo mwisho wake hauna kishindo. Mama mkwe akanieleza tukiwa tunamenya figili.

"Mama Suzuna, simfonia nyingi mwisho wake ni wa tarumbeta na ngoma, watu wa besi wanasugua tu, nani anawasikia? Hii wanaachiwa wao. Wanafifia, wanafifia, mpaka hujui wameacha saa ngapi. Halafu ukumbi mzima unakaa kimya. Baba yenu anaungoja huo ukimya tangu hajanioa."

"Na ukimya wenyewe una nini, Mama?"

"Mimi nitajuaje? Mimi ni mtu wa kelele."

Siku ya onyesho ilibidi nimpeleke Suzuna kwenye chumba cha watoto cha ukumbini, maana wasioanza shule hawaingii ndani, na alilia akaning'ang'ania sketi, kwa hiyo nilifika kwenye kiti changu milango inafungwa, na lile tangazo wanalotoa mwanzoni, kwamba tusubiri mpaka kiongozi wa okestra ashushe mikono ndipo tupige makofi, sikulisikia, nimekuja kuambiwa baadaye. Simfonia ina sehemu nne. Ya tatu inakwenda mbio na kuisha kwa mshindo mkubwa, ungeapa yote yamekwisha, na mzee mmoja mbele yangu akapiga makofi, akageukiwa na macho ya safu tatu, akazama ndani ya koti lake. Nikajisemea moyoni, maskini, mimi hainipati hiyo. Kweli hujafa hujaumbika.

Sehemu ya nne nilimtazama Baba tu. Sikumtazama kiongozi wa okestra, wala sikujua kwamba ndiye anayetazamwa. Upinde wa Baba ulikwenda polepole, ukapungua, ukasimama, shingo yake imeinama, nikaona basi, amemaliza, miaka thelathini na minane imemalizika salama, na mikono yangu ikaruka yenyewe. Pa pa pa. Mara tatu, harakaharaka, ndipo nikasikia kwamba niko peke yangu. Mikono ya kiongozi ilikuwa bado iko juu. Kisha wengine wakadhani ndiyo wakati wenyewe, wakafuata, ukumbi wote ukapiga, na ukimya wa Baba ukawa umekwisha kabla haujaanza.

Hakuna aliyeniona. Kiti cha kulia kilikuwa kitupu na bibi wa kushoto alikuwa amefumba macho. Jioni kwenye karamu ya okestra nilikuwa nawamiminia watu bia, na Bwana Kuwabara wa tarumbeta akasema, "Ningemjua yule mtu ningemlisha tarumbeta hii nzima nzima."

Baba akasema, "Labda alikuwa anawahi treni."

"Treni gani ya kupigiwa makofi? Mama Suzuna, wewe si ulikaa upande ule? Hukumwona?"

"Sikumwona," nikasema, nikamjazia glasi, na nikacheka nao. Bi Orie, nilicheka. Hicho kicheko ndicho kinachonikera kuliko hata makofi.

Onyesho lilirekodiwa. Wiki iliyofuata fundi wa sauti alikuja nyumbani, akasema anaweza kuyakata makofi yale matatu na kubandika ukimya walioupata siku ya mazoezi, hakuna atakayejua. Baba akamwambia, "Acha. Hayo yabaki." Nikiwa jikoni nikasikia, nikaona ameamua aibu ile ihifadhiwe milele. Tangu hapo besi imelazwa chumba cha nyuma ndani ya kasha lake na hajaifungua. Wenzake walimwita aje hata kusikiliza mazoezi, hakwenda.

Nikaanza kutaka kujua ni kitu gani hasa nilichokiharibu. Nikawa naazima santuri maktaba ya mji, nasikiliza miisho, kwanza miisho mitupu, halafu nikaona mwisho bila mwanzo wake haueleweki, nikawa nasikiliza zote nikikunja nguo. Na nikawa nauliza watu. Wakako, tunayesimama naye meza moja kiwandani, anapenda ile inayogonga na kugonga, unafikiri imeisha, inagonga tena. "Kama shangazi yangu wa Niigata," akasema, "anaaga sebuleni, anaaga mlangoni, anaaga langoni, gari limewashwa bado anainama. Unacheka, lakini akiondoka bila hivyo ungelia." Kijana wa maktaba anapenda ile ambayo wapigaji wanainuka mmoja mmoja wakati muziki unaendelea, kila mtu anabeba chombo chake na kutoka, mwisho wanabaki wawili wa fidla. Nilipomuuliza kwa nini akasugua miwani yake, akasema kwao walikuwa watoto watano na yeye ndiye aliyebaki na wazazi. Mama mkwe wala hafikirii, wake ni ule wa mwezi wa kumi na mbili, wenye kwaya. Kila mwaka anavaa blauzi nyeupe na sketi nyeusi, anaimba Kijerumani asichokijua pamoja na watu mia mbili wasiokijua. Anasema, "Nikishapaza ile ya mwisho, mwaka umefungwa. Naweza kwenda kufagia."

Mimi mwenyewe nimeupenda mmoja wa mapigo sita. Okestra yote inapiga mara moja, kimya, inapiga tena, kimya, na kila kimya unadhani ndicho cha mwisho. Nahesabu kwa vidole ili nisikosee. Lakini ule wa Baba siwezi kuusikiliza, nikiukaribia nazima.

Kuna jambo jingine dogo. Nilikuwa na mazoea ya kumwita Suzuna aje kula kwa makofi matatu akiwa bustanini, na anakuja mbio. Tangu siku ile mikono inaniona haya, namwita kwa mdomo. Juzi Baba akauliza akiwa nyuma ya gazeti, "Mama Suzuna, siku hizi mbona humpigii mtoto makofi?" Nikasema mikono imepasuka kwa chumvi ya kiwandani. Akasema, "Aa," akageuza ukurasa.

Sasa nisaidie. Nimwambie, au nimwache apumzike bila kujua kwamba ni mtu wa nyumbani mwake? Na nieleze kama unajua, kwa nini watu wanapenda mwisho kiasi hiki? Tafadhali badilisha majina, Baba husoma gazeti hili lote, anaanzia na michezo.

Ni mimi,
Mama Suzuna, Toyama

*

Mama Suzuna,

Fungua kwanza hilo sanduku la wali, kisha unisome.

Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba. Makofi sikuweza kuyabadilisha. Kwa hiyo jibu hili nimekutumia kwa posta wiki moja kabla ya gazeti kutoka. Unazo siku saba. Usiniambie ni chache, ulikuwa na miezi sita ukaitumia kukunja nguo.

Nikugombeze kidogo, maana umeniandikia ugombezwe. Kupiga makofi mapema si dhambi. Mwenye mtoto anayelia mlangoni hasikii matangazo, na anayemtazama mtu wake hamtazami kiongozi. Kumiminia watu bia huku wakimsema mtu ambaye ni wewe, hilo ni kosa, tena dogo. Kubwa ni kwamba umemwamulia mzee wa watu. Umeamua amekasirika, umeamua anataka aibu yako ihifadhiwe, umeamua besi imelazwa kwa sababu yako na si kwa sababu ya bega. Hayo yote umeyasikia wapi? Ukiwa jikoni, nyuma ya mlango wa karatasi alioutengeneza yeye.

Sasa soma tena barua yako, pale anapokuuliza mbona humpigii mtoto makofi. Mtu aliyesimama miaka thelathini na minane nyuma ya okestra, kazi yake kusikia kama yeye na jirani yake wameachana kwa unywele, asikie pa pa pa kila siku kutoka bustanini, halafu aisikie ukumbini, na asijue ni mikono ya nani? Mwanangu, hata mimi niliyesoma tu nimeijua. Fundi wa sauti alipotaka kuikata, mzee alijua anachokataza kisikatwe. Kwa nini alikataa, mimi siwezi kukwambia. Anayejua yupo chumba cha pili, anasoma michezo.

Umeuliza kwa nini watu wanapenda mwisho. Nilicheka, kwa sababu umeshajibiwa na watu watatu na hukuona. Yule wa shangazi wa Niigata anapenda kuagwa sana. Yule wa maktaba anapenda kuona kwamba wanaobaki nao wana muziki wao. Mama mkwe wako anataka mwaka ufungwe kwa sauti yake mwenyewe. Kila mtu anakwenda kutafuta pale ukumbini kile ambacho nyumbani kwake hakikumalizika vizuri. Nyumbani mambo hayaishi, Mama Suzuna, yanakatika. Simu inakata, mtoto anaamka, mtu anakwenda kazini asirudi. Simfonia inakaa nawe dakika arobaini kukuandaa, ili ikiisha ujue imeisha, na ujue pamoja na watu elfu moja usiowafahamu. Na wale wanaopenda mwisho unaofifia, naona ni watu waliozoea kutosikika. Wanataka mara moja tu ukumbi mzima uinamishe kichwa kusikiliza wameishia wapi.

Kwa hiyo ndiyo, ulimchukulia kitu. Sikufichi. Lakini hebu nawe uone ulichompa. Katika ukumbi ule walikuwapo watu wangapi waliokuwa wanamtazama mtu wa besi, tena wa nyuma, wakajua upinde wake ulisimama lini? Pengine mmoja.

Utafanya hivi. Mwambie Jumamosi, saa ile aliyozoea kwenda mazoezini, wakati huo mikono yake haina kazi. Usimwangukie kwenye mkeka na paji la uso chini kama mwizi, mzee atapata taabu ya kukuinua na bega lenyewe bovu. Kaa vizuri, sema, "Baba, yale makofi yalikuwa yangu, na kwenye bia pia nilidanganya, na mikono haikupasuka." Maneno yasizidi hayo. Usimweleze chumba cha watoto wala tangazo mpaka aulize. Akinyamaza, nyamaza naye. Mtu anayejua kuhesabu vimya sita ataweza kimoja. Mume wako mwambie akiamka. Bwana Kuwabara si lazima ajue, asije akalazimika kutimiza ahadi ya tarumbeta.

Akishasema atakalosema, mwombe kitu kimoja. Mwombe aitoe besi kwenye kasha lake akupigie ule mwisho, sehemu ya besi peke yake. Ni sauti chache za chini, za taratibu, bega litavumilia. Akisema hawezi, muulize tena baada ya chai. Hakuna kiongozi wa kutazama hapo sebuleni, kwa hiyo mtazame yeye kama ulivyofanya. Upinde utasimama. Hapo bado. Shingo itainama. Bado. Kaa hapo na yeye, hata birika likichemka jikoni liache lichemke, mpaka ashushe mkono mwenyewe na kuinua macho.

Ndipo upige. Yale yale matatu, kwa kasi ile ile. Na Suzuna akija mbio kutoka bustanini akidhani ni chakula, mfungulieni mlango.

Bi Orie