Kwa Uliyekuwa Ukitangaza Picha za Kutisha Ujiji

Mpendwa Baba Furaha,

Barua hii sikuifunga. Nimeinakili kwa mkono mara sita, nikawapa mabaharia wa maboti ya Kibirizi wanaovuka kwenda upande wenu wa ziwa, miji ya Baraka, Kalemie, kokote wanakofika. Atakayetaka kuisoma na aisome. Kama anakufahamu, akwambie tu kwamba mkeo wa Ujiji anakutafuta. Nimefika mahali ambapo aibu imenitoka.

Sijui nianzie wapi, basi naanzia bandani kwa baba.

Unakumbuka lile banda la video? Kuta za udongo, madirisha yamezibwa kwa magunia, televisheni moja, deki moja, na jenereta iliyokuwa ikikohoa kuliko wazee wote wa mtaa. Watu walikuja kwa picha za ngumi. Baba alikuwa na sanduku zima la kanda za kutisha alizouziwa kwa bei ya chee, na hakuna aliyezitaka. Wewe ulikuwa umevuka ziwa miezi michache nyuma pamoja na waliokimbia vita, huna ndugu, huna kazi. Ukasimama mlangoni ukasema, "Shikamoo mzee. Hizo kanda zinakufia bure. Nipe nizitangaze."

"Utazitangazaje?"

"Kwa trela."

Baba akacheka mpaka akashika ukuta. "Trela ni ya lori, kijana."

Ukamweleza kwamba ni vile vipande vifupi vinavyotangulia kwenye kanda, vya kuonjesha picha nyingine. Siku zote baba alikuwa akivipeleka mbele haraka ili picha ianze. Wewe ukaunganisha sauti yake kwenye spika ya nje, ukashika maiki, ukawa unasema juu yake kwa Kiswahili chenu cha ng'ambo, polepole, kama mtu anayekunong'oneza sikioni. Jumamosi ile benchi hazikutosha.

Mimi nilikuwa mlangoni nikikata tiketi, na sikuelewa ulichokifanya. Mchana mmoja banda likiwa tupu ulinikalisha mbele ya televisheni ukanichezea trela moja mara nne.

"Tazama, wanaanza na raha," ulisema. Baba, mama, watoto wanahamia nyumba mpya, wanacheka, mbwa anakimbia uani. "Usipowapenda hawa, hutawahofia." Halafu mlango ukasogea wenyewe. Mtoto akawa anaongea na kona ambayo haina mtu. "Kidogo tu. Wakuache ujiulize." Halafu muziki ukapanda, ukapanda, mara ukakatika. Ukanishika mkono. "Sasa hesabu."

Nikahesabu moja, mbili. Kabla ya tatu ukaja ukelele, nikaruka kutoka kwenye benchi, nawe ukacheka mpaka machozi.

"Umemwona adui?"

"Sijamwona."

"Ndiyo biashara yenyewe. Wakimwonyesha hapa, nani atalipa aingie?"

Nilikuuliza mbona katika kila trela kuna msichana anayeingia gizani peke yake, kwani hana akili? Ukasema watu wanataka mtu wa kumfokea, na aliyemfokea msichana kwenye trela lazima arudi kuona yaliyompata. Nikakuuliza tena mbona zote humalizia kwa kusema mambo haya yalitokea kweli. "Kwa sababu mtu huogopa zaidi kitu kinachoweza kumfika yeye," ulisema. Nilipenda ulivyosema hivyo. Sikujiuliza umekijulia wapi.

Nje uliongeza ya kwako: "Mwenye moyo mwepesi abaki kwa mamake! Usije peke yako!" Basi vijana wakaja na wachumba wao, na wanawake waliokuwa wakianika dagaa wakaja bado wananuka dagaa, wakashikana mikono kabla hata picha haijaanza. Mwaka haukuisha, tukaoana. Jamaa zangu waliponung'unika kwamba wewe ni mkimbizi, baba aliwajibu, "Mkimbizi huyu ana baraka mdomoni." Furaha akazaliwa.

Sasa nifike kwenye siku ile. Kuna jambo sijakwambia.

Ilikuwa alasiri. Mitumbwi ilikuwa imefika ufukweni kutoka ng'ambo, watu waliokimbia vita wakawa wanapandishwa kwenda kwenye malori. Wakapumzika kwenye kivuli cha ukuta wetu. Wewe ulikuwa ndani na maiki yako, hukuwaona. Mimi niliwaona. Nilisimama mlangoni nikawatazama na mabunda yao na watoto wao, na haikunijia akilini kuingia kukwambia. Trela ikafika pale muziki unapokatika. Mimi najua kinachofuata, nimefundishwa na wewe mwenyewe, na bado nilisimama tu.

Ukelele ulipotoka kwenye spika, mama mmoja aliwaangusha watoto wake wawili chini akawalalia. Wengine walikimbia kurudi ziwani, wakaingia majini na nguo zao. Mzee mmoja hakukimbia; aliketi tu, mikono kichwani. Na ndani ya banda watu walikuwa wanashangilia.

Ulitoka mbio, waya wa maiki unakufuata. Ukapiga magoti kwa yule mama, ukamsemesha Kibembe, lugha ya kwenu. Alikataa kuinua uso. Ulisema na kusema, sauti ikakukauka. Mwishowe akainuka kidogo, akakutazama, akakuita jina lako la utotoni. Alikuwa mtu wa kilimani kwenu. Yeye ndiye aliyekwambia kwamba mama yako, ambaye tulikwisha kumwombea kama marehemu, yu hai. Amebaki kule, miguu imemshinda.

Ulirudi ndani ukazima deki.

"Watu wamelipa!" baba akapaza sauti.

"Mzee, nimekuwa nikiuza kilio cha yule mama. Kila siku."

"Lakini hii ni picha tu."

"Kwao si picha."

Hukuigusa maiki tena. Siku ya nne tulikuwa Kibirizi, wewe unatafuta boti la kurudi kumchukua mama yako, mimi nimekamata shati lako mbele ya wachuuzi wa samaki bila kujali nani anatazama. Nikakwambia wewe mwenyewe umenifundisha, anayeingia gizani peke yake haonekani tena. Ukasema, "Zile ni picha, Mama Furaha. Huyu ni mama." Nilipoona unaweka mguu botini, nikasema neno ambalo tangu siku ile sijapata usingizi kwa ajili yake: "Basi nenda. Na usipomleta, usirudi."

Nilitaka uogope ubaki. Sikuwa na maana nyingine. Uliniangalia kama umenisikia vizuri sana.

Baba Furaha, umemleta. Nataka ulijue hilo kama hulijui. Kabla mwezi haujaisha boti lilifika Kibirizi na bibi mdogo wa mwili, amevikwa koti lako. Baharia alisema nafasi ilikuwa ya mtu mmoja, na milio ya bunduki ilikuwa inashuka kuelekea ufukweni. Alisema ulimbeba mama ukamweka ndani, ukalisukuma boti kwa bega mpaka maji yakakufika kifuani, ukapaza sauti, "Nakuja na la pili!" La pili likaja. Nilipanda mpaka ndani yake nikawaangalia watu mmoja mmoja usoni. La tatu likaja pia. Nililokwambia umelitimiza. Una ruhusa ya kurudi. Hukuwahi kukosa ruhusa.

Nimekutafuta. Nimepanda lori kupitia Kidahwe mpaka Kasulu, nimeingia kambini, nimesoma majina ubaoni kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka karani akaniambia, "Mama, umeshasoma hapa mara tatu." Nimemuuliza kila anayeshuka ufukweni. Mmoja alisema alikuona unachimba kisima huko Kalemie. Nikafurahi siku mbili. Halafu akasema huyo aliyemwona alikuwa mfupi.

Banda limefungwa. Nilijaribu kutangaza mwenyewe, mara moja tu, kwa sababu baba hana nguvu tena. Nilifika pale muziki unapokatika, nikaitupa maiki nikatoka nje kuangalia ukutani kama kuna watu.

Furaha anatembea, anasema. Anamwita mama yako Koko, kama mnavyomwita bibi kwenu. Walikuja watu wa kuandikisha wakimbizi wakasema bibi huyu anatakiwa akae kambini. Nikawaambia huyu ni mama yangu, na kama ni kumpeleka, watupeleke wote na mtoto. Wakaenda. Sijui kama watarudi.

Lakini mama anakwisha. Tangu mvua zilipoanza hataki kula. Nikimpelekea ugali anausukuma, anauliza, "Barua imefika?" Kila siku. Barua imefika? Wiki iliyopita nilimwona amelala, nikaweka mkono puani kwake kutazama kama anapumua. Ndipo nikafanya nilichofanya. Nikaketi jikoni nikaandika barua kutoka kwako. Nikaandika uko mzima, unafanya kazi kwa fundi seremala, mguu ulikuuma lakini umepona, unangoja njia itulie. Nikaandika unamsalimu na unamwomba ale. Nikaichafua kwa udongo kidogo ionekane imetoka mbali.

Nikamsomea. Alisikiliza macho ameyafumba. Nilipomaliza akasema, "Mtoto yangu hasemake hivi."

Nilikunja karatasi, nikainuka niondoke. Akanishika khanga.

"Leta ugali," akasema. "Kisha unisomee tena."

Nimemsomea siku nane sasa. Anakula matonge matatu, manne, nami nasoma. Anajua. Najua kwamba anajua. Jana nilipofika mahali pa seremala aliniuliza kama huyo fundi anakupa chakula cha kutosha, nikasema ndiyo, anakupa. Akasema afadhali.

Kwa hiyo nakuomba, mume wangu. Kama uko hai mahali popote, kama una mkono mmoja unaofanya kazi, andika. Usiandike maelezo. Mistari miwili inatosha, na iwe na makosa yako, na maneno yenu ya kule ambayo mimi siyajui kuyaandika. Mpe yeyote anayevuka. Mama yako bado ana nguvu za siku chache, na mimi nimeishiwa maneno ya kukuwekea mdomoni.

Nabaki hapahapa,

mkeo,
Mama Furaha